Posho ya watoto Kanada: ni fedha za Ottawa au za jimbo, na kwa nini jirani yangu hapati?

MamaWatatu_Hamilton ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Hamilton, Ontario, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu, wenye miaka 3, 8 na 12. Tulikuja Kanada tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, tukapokelewa kama wakaazi wa kudumu tangu siku tuliyoshuka kwenye ndege, na baada ya miezi michache tukaanza kupokea posho ya watoto ya serikali. Thamani yake siwezi kuificha. Tarehe 20 ya kila mwezi nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda iliyobandikwa ubavuni mwa jokofu, kwa sababu ni fedha hizo, wala si mshahara wa kiwandani, zilizonunua viatu vya theluji vya watoto wote watatu kabla baridi haijaanza, jozi tatu mpya kwa siku moja, pasipo mdogo kuachiwa jozi ya kaka yake iliyokwisha kupasuka soli.

Nina maswali matatu. Mwaka 2023 kipato chetu sote wawili kilikuwa kama dola 42,000. Mwaka 2024 nilichukua zamu nyingi za usiku, tukafika dola 52,000. Ilipofika Julai 2025 ikaja bahasha ya kahawia kutoka ofisi ya kodi, na ndani yake nikaona kwamba posho imeshuka kwa karibu dola 150 kwa mwezi. Nilijihisi kama mtu aliyeadhibiwa kwa kufanya kazi. Je, hesabu hiyo ni sahihi, au mtu tuliyemlipa atujazie ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, alikosea?

La pili ni kuhusu wifi yangu anayeishi Sherbrooke, katika jimbo la Québec. Yeye anapokea malipo mara mbili kutoka ofisi mbili tofauti, na jumla yake inazidi yangu ingawa kipato chao hakitofautiani sana na chetu. Ikiwa nchi ni moja na bendera ni moja, ni nani hasa anayeamua mtoto apate nini?

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Ghorofa ya chini yetu anaishi mama mwenzangu kutoka Kivu, mwenye pacha wa miaka 5. Watoto wake na wangu hupanda basi moja la shule na hukaa darasa la jengo moja, lakini yeye hapati hata senti, kwa sababu familia yao iliomba hifadhi baada ya kuingia nchini badala ya kuletwa kutoka kambini. Nimesoma kwamba posho hii ndiyo silaha kubwa ya Kanada dhidi ya umaskini wa watoto. Inawezekanaje ikawa hivyo, na huku watoto wanaolala chini ya sakafu yangu hawahesabiwi?

Karani_Kitchener amejibu:

Dada MamaWatatu, asante kwa maswali uliyoyapanga vizuri, na pole kwa mshtuko wa bahasha. Kila mwaka, kuanzia Machi hadi mwisho wa Aprili, mimi hujitolea kuwajazia watu ritani za kodi bila malipo katika ukumbi wa kanisa moja hapa Kitchener, na wengi wanaoketi mbele ya meza yangu huongea Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura au cha Mombasa. Swali lako la kwanza nimelisikia mara nyingi, na jibu lake ni kwamba aliyewajazia hakukosea.

Kiasi unachokiona kikiingia benki tarehe 20 ni mito miwili iliyokutana. Mto mkubwa ni wa serikali ya shirikisho, yaani Ottawa. Posho yenyewe ilianza Julai 2016, haikatwi kodi, na tangu Julai 2018 hupandishwa kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei. Kwa kipindi cha Julai 2025 hadi Juni 2026, mtoto aliye chini ya miaka 6 hutengewa hadi dola 7,997 kwa mwaka, na mwenye miaka 6 hadi 17 hutengewa hadi dola 6,748. Familia ambayo kipato chake halisi hakizidi dola 37,487 hupata kiasi chote, ambacho kwa watoto wako watatu kingekuwa dola 21,493. Kipato kikipanda juu ya hapo, posho hukatwa kidogo kidogo: senti 7 kwa kila dola ya ziada ikiwa mtoto ni mmoja, senti 13.5 wakiwa wawili, senti 19 wakiwa watatu, na senti 23 wakiwa wanne au zaidi. Kuanzia dola 81,222 makato hupungua kasi. Kwa kipato chenu cha 2023, Ottawa ilikuwa ikiwapa takriban dola 1,657 kwa mwezi. Kwa kipato cha 2024 inawapa takriban dola 1,561.

Mto wa pili ni wa Ontario, ambayo katika kipindi hicho hicho hutoa posho yake hadi dola 143.91 kwa mwezi kwa kila mtoto, lakini huanza kukata mapema zaidi, kipato kinapovuka dola 26,364, kwa senti 8 kwa kila dola. Hapo mmepoteza kama dola 50 nyingine. Jimbo limeikabidhi Mamlaka ya Mapato ya Kanada kazi ya kulipa, ndiyo maana huoni mpaka kati ya fedha za Ottawa na za Ontario mpaka uisome barua mstari kwa mstari.

Sasa nikueleze ninachokiona mimi mwenyewe kuwa ni kasoro. Uliongeza dola 10,000 kwa kukesha usiku, na kanuni hizi mbili kwa pamoja zinachukua senti 27 katika kila dola ya ziada, kabla ya kodi ya mapato yenyewe na michango ya pensheni. (Kama viwango visingepandishwa Julai kwa sababu ya mfumuko wa bei, pengo lenu lingekuwa kubwa zaidi.) Tena posho hutazama nyuma: malipo ya Julai 2025 yanatokana na ritani ya 2024. Zamu za usiku zikikatika Oktoba, posho haitapanda Novemba. Itawabidi msubiri hadi Julai ya mwaka unaofuata. Kwa mwenye akiba, miezi minane si kitu. Kwa mama anayehesabu makopo ya maharage kwenye kabati, ni mingi mno.

Lipo jambo mnaloweza kulifanya. Kinachotazamwa si mshahara mzima bali kipato halisi, kile cha mstari wa 23600 kwenye ritani, na kipato hicho hupungua mkitaja gharama za kulelewa kwa mtoto wa miaka 3 wakati mkiwa kazini, ada ya chama cha wafanyakazi, na akiba ya uzeeni iliyosajiliwa. Mwombe aliyewajazia akuonyeshe kama alivitaja. Kama hakuvitaja, ritani inaweza kurekebishwa.

Jambo la mwisho kwa leo, na ninaliandika kwa ajili ya kila anayesoma hapa. Posho hii haimfikii mtu ambaye hajajaza ritani, hata kama hakupata kipato chochote, na ikiwa mna ndoa ni lazima nyote wawili mjaze. Msimu uliopita alikuja bibi mmoja anayelea wajukuu wawili. Aliweka mezani mfuko wa mchele wa kilo 8, na ndani yake hamkuwa na mchele. Mlikuwa na bahasha 11 za kahawia, zote zimefungwa kama zilivyotoka posta, kwa sababu aliamini kwamba barua ya kodi ni barua ya deni. Posho ilikuwa imesimama kwa miezi 14. Tulifungua moja baada ya nyingine, tukajaza ritani ya mwaka uliorukwa, na malipo ya nyuma yakaingia. Sheria inaruhusu kudai hadi miaka 10 iliyopita. Nawasihi, fungueni bahasha.

Mrundi_wa_Sherbrooke amejibu:

Nichangie kuhusu wifi yako, kwa kuwa ninaishi mji ule ule anaoishi yeye.

Québec haikukubali kamwe kuwa mambo ya familia yaamuliwe Ottawa peke yake. Kwa hiyo wazazi wa huku hupokea posho ya shirikisho kama ninyi, kisha hupokea posho ya familia ya jimbo, inayolipwa na Retraite Québec, ofisi ile ile inayosimamia pensheni. Kwa mwaka 2025 posho ya jimbo ilifika takriban dola 3,000 kwa kila mtoto kwa familia ya kipato cha chini, na hata familia tajiri haikosi kiasi cha chini cha karibu dola 1,200. Mzazi asipoomba kulipwa kila mwezi, fedha hizo huja mara nne kwa mwaka, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila Julai huongezwa fedha za daftari na kalamu kwa watoto wa miaka 4 hadi 16.

Ila naomba usitazame posho peke yake. Kilichoibadilisha nyumba yangu ni nafasi ya mtoto katika kituo cha malezi cha bei nafuu, mpango ambao Québec iliuanzisha mwaka 1997 kwa dola 5 kwa siku, na ambao serikali ya shirikisho ilianza kuueneza nchi nzima kwa mikataba na majimbo kuanzia 2021, ikilenga wastani wa dola 10 kwa siku. Mke wangu alirudi kwenye masomo ya uuguzi mtoto akiwa na miezi 13. Posho isingetosha kulipia mlezi wa bei ya kawaida, na bila mlezi asingesoma.

Na majimbo mengine yana taratibu zao. Alberta hulipa posho yake mara nne kwa mwaka, Manitoba ina posho ndogo inayodai fomu yake peke yake. Familia inayohama kutoka Calgary, Alberta, kwenda Winnipeg, Manitoba, inaweza kudhani imedhulumiwa, kumbe imevuka mpaka wa jimbo tu. Hili si dogo kwetu sisi tunaohamahama tukifuata kazi na ndugu.

Mwalimu_Winnipeg amejibu:

Mama, swali lako la pili ni zito kuliko linavyoonekana, na limewashughulisha watawala wa nchi hii kwa zaidi ya miaka 80. Niruhusu nilieleze kwa utaratibu, kwa maana nimefundisha historia ya Kanada kwa muda mrefu na ninaamini kwamba mzazi anayejua fedha hizi zilitoka wapi atajua pia kuzitetea.

Katiba ya Kanada imeyaachia majimbo shughuli za ustawi wa jamii. Ottawa, hata hivyo, ina uwezo wa kutumia fedha zake kumpa mtu binafsi moja kwa moja. Kwa kutumia uwezo huo, serikali ya waziri mkuu Mackenzie King ilipitisha sheria ya posho ya familia mwaka 1944, na Julai 1945 hundi za kwanza zikatumwa, kati ya dola 5 na 8 kwa mwezi kwa mtoto kulingana na umri wake, bila kuuliza kipato cha mzazi. Hundi ziliandikwa kwa jina la mama. Québec ilipinga kwa hoja ya mamlaka yake, na kwa kuwa sheria za jimbo hilo zilimpa mume madaraka juu ya nyumba, ilipangwa kwamba huko hundi ziende kwa baba. Thérèse Casgrain, mtetezi wa haki za wanawake wa huko Québec, akaendesha kampeni mpaka mpango huo ukabadilishwa. Mpaka leo, mama na baba wanaoishi nyumba moja, sheria humchukulia mama kuwa ndiye mlezi mkuu na fedha humwendea yeye. Unapoitazama tarehe 20 kwenye kalenda yako, wapo wanawake waliopigania jina lako liandikwe pale.

Posho ile ya wote ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikawekwa nyingine inayopimwa kwa kipato. Kabla ya hapo, tarehe 24 Novemba 1989, Bunge lilikuwa limepitisha kwa kauli moja hoja ya mbunge Ed Broadbent ya kutafuta kuukomesha umaskini wa watoto ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ulifika, na watoto maskini walikuwapo.

Sababu mojawapo iko ndani ya shirikisho lenyewe. Mwaka 1998 Ottawa iliongeza nyongeza maalumu kwa familia za kipato cha chini, lakini kwa makubaliano kwamba majimbo yanaweza kupunguza msaada wao wa kijamii kwa kiasi hicho hicho, mradi fedha zilizookolewa zitumike katika huduma nyingine za familia. Nia haikuwa mbaya. Walitaka mzazi anayefanya kazi asipate pungufu ya yule asiye na kazi. Matokeo yake ni kwamba mama asiye na kazi aliona Ottawa ikimwongezea dola mfukoni na jimbo likikata dola ile ile katika hundi yake ya msaada, na mwisho wa mwezi sufuria ikabaki vile vile. New Brunswick na Newfoundland zilikataa kukata tangu mwanzo, na nazipongeza.

Ndiyo maana, katika posho ya 2016, kwangu mimi habari kubwa ni ile ambayo magazeti hayakuipa nafasi: majimbo yote na maeneo yote yalikubali kutoihesabu posho hiyo kama kipato wakati wa kupima msaada wa kijamii. Hiyo ni ahadi tu kati ya serikali na serikali, na ahadi ya namna hiyo inahitaji kulindwa na wapiga kura.

Je, inapunguza umaskini? Inapunguza. Kanada ina kipimo rasmi, kilichoingizwa katika sheria mwaka 2019, kinachojumlisha bei ya kapu la chakula, nguo, makazi, usafiri na mahitaji mengine katika kila eneo. Kwa kipimo hicho, mwaka 2015 watoto zaidi ya 16 katika kila 100 walikuwa maskini. Mwaka 2020, posho ikiwa imeimarika na misaada ya wakati wa UVIKO-19 ikiwa juu yake, walishuka hadi 4.7 katika kila 100. Misaada ile ilipoondolewa na bei za vyakula na kodi za nyumba zilipopanda, idadi ilirudi juu, ikafika 9.9 mwaka 2022. Ninayasoma matarakimu hayo kwa namna moja tu: serikali ilipotoa fedha za kutosha, watoto walitoka katika umaskini, na ilipopunguza, walirudi. Hakuna aliyewabadilisha wazazi wao kitabia katika miaka ile miwili.

Lakini kipimo hicho kina pengo ambalo sisi wa Manitoba hatuwezi kulinyamazia. Hakihesabu familia zinazoishi katika ardhi zilizotengewa Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za watu wa asili wa nchi hii, ambako umaskini wa watoto ni mkubwa mno na ambako wengi hawana mahali pa karibu pa kujaziwa ritani. Na huko ndiko mabishano ya shirikisho yalikoua. Jordan River Anderson, mtoto wa jamii ya Norway House Cree, alizaliwa mwaka 1999 akiwa na maradhi mazito. Alipofikisha miaka 2 madaktari walikubali kwamba angeweza kutoka hospitalini na kulelewa katika nyumba yenye huduma maalumu. Serikali ya Kanada na serikali ya Manitoba zikaanza kubishana ni nani atakayelipia huduma za nyumbani, jambo hili na lile, kitu kimoja kimoja. Walibishana kwa zaidi ya miaka miwili. Mtoto alifariki mwaka 2005 hospitalini hapa Winnipeg, akiwa na miaka 5, hajalala usiku hata mmoja katika nyumba ya familia. Desemba 2007 Bunge lilikubali kanuni iliyopewa jina lake: serikali inayofikiwa kwanza ilipe, kisha zigombane baadaye juu ya marejesho. Hata hivyo ilibidi Baraza la Haki za Binadamu la Kanada liamue mwaka 2016 kwamba serikali ilikuwa ikiitafsiri kanuni hiyo kwa ufinyu, na iache kufanya hivyo.

Kila mwaka nilipofundisha somo hilo, darasa lilinyamaza. Wanafunzi waliotoka nchi zilizovunjika waliuliza swali lile lile unalouliza wewe: mtoto ni wa nani?

Mngojea_Toronto amejibu:

Nimesoma yote, na ninawashukuru kwa heshima mnayoandikiana. Mimi ni mmoja wa wale wa ghorofa ya chini.

Nilitoka Goma na watoto wawili, nikaomba hifadhi Toronto. Wa tatu amezaliwa hapa, ana cheti cha kuzaliwa cha Ontario na pasipoti ya Kanada. Nilidhani kwamba kwa ajili yake angalau ningepata posho, lakini nikaelezwa kwamba kinachotazamwa ni hadhi ya mzazi, si ya mtoto. Nina kibali cha kazi, ninasafisha ofisi usiku, ninakatwa kodi katika kila malipo, na ninajaza ritani kila mwaka. Siku ya kusikilizwa shauri langu bado haijapangwa. Mwanangu Mkanada anakunywa maziwa yale yale wanayokunywa watoto wa jirani, na bei yake haitofautiani dukani.

Sitaki kuonewa huruma. Ninaomba kujua kama kuna jambo lolote ninaloweza kufanya wakati ninasubiri, ili siku nikikubaliwa nisianze tena kutafuta makaratasi.

Karani_Kitchener amejibu:

Mama, pole sana kwa kusubiri. Nitakueleza sheria ilivyo bila kukupamba, kisha yale yanayowezekana.

Mwombaji, au mwenzi wake, anatakiwa awe raia, mkaazi wa kudumu, mtu aliyekubaliwa hifadhi, au mkaazi wa muda aliyekaa Kanada miezi 18 mfululizo na ambaye kibali chake bado ni halali katika mwezi wa 19. Wengi hudhani kwamba kibali cha kazi cha mwomba hifadhi kinamwingiza katika kundi hili la mwisho. Hakimwingizi, kwa sababu kibali hicho huandikwa wazi kwamba hakimpi mwenyewe hadhi ya ukaazi wa muda. Mimi naiona sheria hii kuwa si ya haki kwa mtoto, na yapo mashirika yanayodai ibadilishwe. Huko Québec, mama mmoja Mkongo mwenye watoto watatu alipigania haki ya waomba hifadhi kupata vituo vya malezi vya bei nafuu, na Februari 2024 Mahakama ya Rufani ya jimbo ikampa ushindi, ingawa serikali ya Québec ililipeleka shauri hilo mbele zaidi, kwenye Mahakama ya Juu ya Kanada.

Unapongoja, endelea kujaza ritani kila mwaka kama unavyofanya, kwa kuwa ruzuku ya kodi ya mauzo inayolipwa kila robo mwaka haiulizi hadhi ya uhamiaji, na ina nyongeza kwa ajili ya watoto. Hifadhi mkataba wa nyumba, barua za shule na kadi za kliniki zenye jina lako na la watoto, ili uweze kuonyesha kwamba ni wewe unayewalea. Siku ukipewa uamuzi wa kukubaliwa, jaza fomu RC66 pamoja na kiambatisho chake cha hadhi ya uhamiaji wiki ile ile. Usingoje kadi ya ukaazi wa kudumu. Barua ya uamuzi inatosha. Nalirudia hili kwa sababu nimekutana na familia zilizopoteza zaidi ya mwaka zikiisubiri kadi.

MamaWatatu_Hamilton amejibu:

Kaka Karani, Mwalimu, ndugu yetu wa Sherbrooke, asanteni. Dada wa Toronto, nimesoma maneno yako mara mbili, na kama unakuja Hamilton siku moja, nyumba yangu ni yako.

Ninaandika haraka kwa sababu sentensi ya mwisho ya Karani ilinifanya nivae kandambili na kushuka ngazi. Nilimuuliza jirani yangu kama shauri lao limekwisha. Akaniambia kwamba mume wake alisikilizwa peke yake, maana alitangulia kufika, na alikubaliwa tangu Machi. Barua ipo, ameiweka kwenye droo pamoja na kadi za chanjo za pacha. Walikuwa wakiisubiri kadi ya ukaazi wa kudumu ndipo waombe, kwa sababu mtu mmoja kwenye foleni ya benki ya chakula aliwaambia hivyo, nao wakaamini.

Tumeitandaza barua hiyo mezani kwake na kuisoma pamoja, yeye akifuata maneno kwa kidole. Ritani zao za miaka yote miwili zimejazwa, namshukuru Mungu. Fomu RC66 tumeipata na tumeandika majina ya watoto, ila hatujui kama sahihi ya baba inatakiwa pia wakati mwombaji ni mama na mwenye hadhi ni baba, wala hatujui kama vyeti vya kuzaliwa vya pacha vilivyoandikwa kwa Kifaransa vinahitaji kutafsiriwa. Karani, ukiiona hii leo tafadhali tujibu. Baba wa pacha anatoka kazini saa nne usiku, na kesho asubuhi tunakwenda maktaba kutoa nakala.

Karani_Kitchener amejibu:

Sahihi za wote wawili zinatakiwa, kwa hiyo msubirini baba arudi kabla ya kufunga bahasha. Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi hii; vyeti viende kama vilivyo. Katika kiambatisho, andikeni tarehe ya uamuzi wa Machi kama ilivyo kwenye barua ya baba, si tarehe ya leo, kwa sababu malipo ya nyuma yatahesabiwa kutokana na tarehe hiyo. Na mtoe nakala mbili za kila karatasi, moja ibaki kwenye droo.